TAHADHARI kwa wana Dodoma: cherehani za mkononi za mtandaoni, mwambie muuzaji avute uzi

Ndugu zangu wa Dodoma, nimepigwa. Si hela ya kiwanja, maana mji huu tukisikia mtu kapigwa tunauliza kwanza kiwanja kiko kata gani. Ni elfu arobaini na nane tu. Najua kuna watakaocheka, chekeni, lakini Januari hiyo inakuja na kila nyumba ina sketi ya kushusha pindo au suruali ya kupunguza, na hawa watu wako kazini.

Kitu chenyewe ni zile cherehani ndogo za kushika mkononi. Kama hujaiona, fikiria stepla ya ofisini iliyonenepa: plastiki nyeupe, sindano moja mbele, kigurudumu ubavuni cha kuzungusha kwa vidole, na kijiti cha kuwekea uzi. Inakula betri nne za AA, zile za saa ya ukutani. Unapitisha kitambaa chini ya sindano, unabonyeza, inaanza kutatarika na kutembea yenyewe.

Nilivyoingia mkenge ni hivi. Naishi Nkuhungu, kazi iko Mtumba, nikirudi nyumbani giza limeshaingia. Shule zikikaribia kufunguliwa fundi wetu wa mtaani hapatikani. Ukimpelekea sketi leo anakwambia njoo Alhamisi, Alhamisi anakwambia umeme ulikatika, na cherehani yake naijua, ni ya kukanyaga kwa mguu. Kwa hiyo mwezi wa sita, likizo inaisha, nikakutana na video moja ya mwanamke mwenye kucha nyekundu anashona suruali ya jinzi kwa hiki kidude kama anakata keki. Anahamia kwenye pazia. Anahamia kwenye mkanda wa begi. Maandishi chini: "Haifumuki, inashona kila kitu." Nikaandika inbox usiku ule ule.

"Habari kipenzi, ipo, elfu 35 tu, ofa inaisha leo."

"Mko wapi?"

"Dodoma hapa hapa kipenzi, Majengo sokoni."

"Basi Jumamosi nipitie mwenyewe niione."

"Duka lina matengenezo mpendwa, kwa sasa tunatuma tu. Lipia na usafiri elfu 5 jumla 40, kesho unayo mkononi."

Elfu tano kutoka Majengo mpaka Nkuhungu. Bodaboda angenibeba mimi, mzigo na kuku wawili kwa hela hiyo na chenji ingebaki. Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama. Sikusimama. Nikaweka namba, jina likaja la mwanaume, wakati nimekuwa nachati na "dada" anayeniita kipenzi. Nikauliza. "Huyo ni mhasibu wetu." Nikabonyeza. Sisi hawa hawa tunaoicheka ile meseji ya "ile hela itume kwenye namba hii", tumepewa mhasibu tukaridhika.

Kesho haikuja. Siku ya nne nikapigiwa simu na watu wa mizigo, nifike stendi ya Nanenane kuna boksi langu. Kufika, karatasi ya mzigo inasema umepandishwa Dar. Majengo gani hiyo iliyohamia Dar?

Boksi lilikuwa limebonyea. Ndani mna cherehani, viroli vitatu vya uzi vyenye uzi kiduchu, sindano moja ya akiba na kiwaya chembamba cha kutungia uzi. Betri hakuna. Ubavuni kuna kitundu cha kuchomeka umeme kimeandikwa 6V, waya wake hakuna. (Walionacho, msithubutu kuchomeka adapta ya king'amuzi pale kwa sababu tu inaingia. Nyingi ni za volti 12, utakiunguza.)

Sasa niseme ukweli, maana sipendi tahadhari za kusema kila kitu ni kibaya. Nilikijaribu kwenye khanga iliyochanika pembeni kikashona vizuri. Mshono umenyooka, nikamwita na mume wangu aje aone. Nikajisikia fundi. Jumapili usiku nikashusha pindo la sketi ya binti yangu wa darasa la nne, sketi ya bluu ya marinda, nikapiga pasi, nikalala.

Jumanne karudi shuleni sketi imening'inia nyuma kama pazia lililotoka kwenye reli, na mkononi kashika uzi mrefu ameuzungusha kwenye kidole.

"Mama, kulikuwa na kauzi kananichokonoa mguuni, nikakavuta. Kakaja kote."

Pindo zima. Mvuto mmoja. Uzi haukukatika, haukuchanika, umetoka kama ulivyoingia. Nikadhani nimeshona vibaya, nikarudia. Nikashona kipande cha kitambaa kibovu, nikavuta ncha ya mwisho, kikafunguka chote mbele ya macho yangu, trrrrr. Nikahamia kwenye bukta ya kaki ya mdogo wake, pale katikati ambapo vitambaa vinakutana vinne. Mashine ikalia, ikakwama, nikabonyeza tena kwa kiburi, sindano ikakatika na kipande kikanipita sikioni. Mtoto alikuwa amesimama karibu anaangalia. Hilo peke yake lilinitosha kukiweka juu ya kabati.

Jumamosi nikaenda Majengo kulitafuta duka. Nimeuliza upande wa vitenge, nimeuliza wauza mabegi, nimeonyesha picha kwenye simu. Dada mmoja muuza vitenge hata hakumaliza kuangalia: "Dada, wewe si wa kwanza kuja kuwauliza hao." Akanielekeza kwa mzee mmoja fundi cherehani barazani, kwamba labda atanisaidia kuitengeneza.

Mzee ni Mgogo, ukimpa shikamoo anakurudishia marahaba na mbukwa juu yake. Nikamtolea kidude kwenye mfuko. Akakigeuza, akachungulia chini ya sindano, akaniuliza, "Uzi wa chini uko wapi, mwanangu?"

"Uzi wa chini upi, baba?"

Akanionyesha cherehani yake. Juu uzi, chini uzi mwingine kwenye bobini, na sindano ikishuka nyuzi mbili zinakumbatiana katikati ya kitambaa. Ndiyo maana mshono wa cherehani ukiukata mahali, pengine panabaki. Hiki kidude kina uzi mmoja tu. Unashuka, unafanya kitanzi, kitanzi kinachofuata kinapita ndani ya kile cha kwanza, na kinachofuata hivyo hivyo mpaka mwisho. Cha mwisho hakina wa kumshika.

"Umewahi kufungua mfuko wa sembe?" akaniuliza. "Wa kilo ishirini na tano?"

Nikamwambia kila mwezi.

"Ukivuta upande usio wenyewe, unahangaika mpaka unaomba kisu. Ukipata upande wenyewe, unafunguka wote kwa kidole kimoja. Basi mwanangu umemshonea mtoto mfuko wa sembe."

Nimecheka pale barazani mpaka watu wakageuka, lakini kichwani nilikuwa narudia ile video. Nikaifungua hapo hapo tukaiangalia wote wawili, mara ya kwanza, mara ya pili. Mwanamke anaanza kushona, mshono unatembea, unakaribia mwisho wa kitambaa, na hapo hapo video inaruka kwenye nguo nyingine. Jinzi, hatujaona mwisho. Pazia, hatujaona mwisho. Mkanda wa begi, hatujaona hata sindano ikiingia, tunaona mkono tu na mlio. Kila mshono unakatwa kabla uzi haujakatwa.

Ndiyo maana nasema utapeli wao hauko kwenye kile kidude. Kidude kina kazi yake, kuna nchi watu wanakinunua wakijua ni cha kushikiza kitu kwa dharura. Utapeli uko kwenye neno "haifumuki", kwenye bei, kwenye duka lisilokuwepo, na kwenye ile mikato ya video. Wiki mbili baadaye nimekikuta kwa machinga mmoja mjini, boksi lile lile na picha ile ile, elfu kumi na tano, na yeye mwenyewe akaniambia bila kuulizwa, "Dada, hiki ni cha vitambaa vyepesi, jinzi usijaribu." Mtu mwaminifu anakuuzia kitu kile kile.

Mnajumlisha mnaona 40,000, mnauliza nane imetoka wapi. Aibu yangu hiyo. Nilipowaandikia kulalamika, walijibu haraka na kwa upole wa ajabu: "Pole sana kipenzi, ulitumiwa ya uzi mmoja kimakosa, tuna ya nyuzi mbili, ongeza elfu 8 tu tukubadilishie, hiyo baki nayo kama zawadi." Nikaongeza. Dakika ishirini baadaye picha yao ya profaili imepotea, meseji zangu zina tiki moja. Bloku. Kwa hiyo mkilalamika mkajibiwa kwa upole mkaombwa hela tena, ujue unapigwa mara ya pili na mtu yule yule.

Nimeripoti. Namba ya TCRA ya kupeleka habari za namba za kitapeli ni 15040, kwa meseji ya kawaida. Mtandao wa simu nao niliwapigia, wakaniambia hela imeshatolewa, kuirudisha haiwezekani, lakini namba wataifanyia kazi. Hifadhini meseji na picha za skrini. Mimi nilifuta chati nusu kwa hasira na nikaijutia.

Kama bado unakitaka, na sikukatazi, usianze na bei. Mwambie muuzaji akutumie video ya sekunde thelathini, mshono mmoja, kitambaa kimoja, bila kukata, kisha ashike uzi wa mwisho avute. Muuzaji wa kweli atakuambia ukweli au atakuonyesha jinsi ya kuufunga. Tapeli atakuambia ofa inaisha leo. Na angalia komenti. Ukurasa wa biashara uliofunga komenti unaficha watu kama mimi. Ukilipa, lipa mzigo ukiwa mbele yako, hapa mjini hakuna sababu ya kufanya vinginevyo, Dodoma si kubwa kiasi hicho.

Na wale ambao tayari kinawatazama kutoka juu ya kabati, msikitupe. Yule mzee alinifundisha, na kwa khanga, mashuka na madera mepesi nakitumia mpaka leo. Ukifika mwisho wa mshono usinyanyue kitambaa ukakikwanyua. Zungusha kigurudumu kwa mkono mpaka sindano ipande juu kabisa. Vuta uzi urefu wa kidole, kata, ndipo unyanyue kile kiguu kinachokandamiza na utoe kitambaa taratibu. Geuza upande wa chini, utaona kitanzi cha mwisho kimekaa wazi. Chukua sindano ya mkono, pitisha ncha ya uzi ndani ya hicho kitanzi, kaza, piga fundo mbili. Mwanzo wa mshono hauna shida sana, ni mwisho ndio unaofungua nyumba. Ukisikia mashine inalia kwenye kitambaa kinene, acha, usiilazimishe, na ukimaliza toa betri, maana watoto wanapenda kukibonyeza. Sare za shule mimi sikiamini hata nikifunga fundo kumi. Sketi ya binti niliipeleka kwa mzee akaishona kwa elfu mbili wakati namsubiri, na safari hii hakukuwa na Alhamisi.

Kilichonifanya niandike leo ni hiki. Jana usiku nimepita kwenye simu nikakutana na ukurasa mpya, jina jipya, wanasema wako Dodoma, safari hii "karibu na Sabasaba". Ofa ya kufungua shule, elfu 29. Video ni ile ile. Jinzi ile ile, kucha nyekundu zile zile, mshono unakaribia mwisho wa kitambaa na inaruka kwenye pazia. Komenti zilikuwa hazijafungwa bado, nikaandika: "Vuta uzi wa mwisho tuone."

Haikumaliza dakika tano, ikafutwa.