Harusi Mbili za Kifalme, Sebule Moja ya Ngamiani

Harusi ya William na Catherine, tarehe 29 Aprili 2011, iliangukia Ijumaa, na ibada ya Westminster Abbey ilianza saa saba mchana kwa saa zetu, wakati wanaume wa mtaa wetu wa Ngamiani, Tanga, walipokuwa msikitini; kwa hiyo mbele ya televisheni ya chogo ya bibi tulibaki watoto na akina mama, ambao waliujadili mkia wa gauni la bi harusi, wa mita 2.7, kana kwamba wamealikwa. Ile ya Harry na Meghan, Jumamosi ya tarehe 19 Mei 2018, ilitukuta katika siku za mwanzo za Ramadhani. Skrini ilikuwa bapa. Sahani ya kashata haikuwepo.

Kwa fahari, ya 2011 ilizidi: umati wa London, msafara wa farasi, busu la roshani ya Buckingham. Hata hivyo, mimi naipendelea ya pili kwa sababu ya shela tu. Shela ya Meghan, yenye urefu wa mita 5, ilitariziwa maua ya nchi 53 za Jumuiya ya Madola, na ua la Tanzania lilikuwa urujuani wa Usambara, ambao asili yake ni milima ya mkoani mwetu. Bibi, mzaliwa wa Lushoto asiyesifu ovyo, alipoelezwa hilo aliuliza iwapo walikumbuka kutarizi na yale majani yake yenye manyoya.