El Tesoro Añejo: pipa lisilomeza ladha ya mmea

Nimeonja añejo nyingi, yaani tekila (pombe kali ya Mexico) zilizokomazwa pipani, tangu nihamie Houston, na ninayoirudia ni El Tesoro. Siyo ya kumeza kwa mkupuo na kulamba chumvi. Inataka utulivu.

Kwa sheria ya Mexico, tekila haiitwi añejo mpaka ikae angalau mwaka 1 kwenye pipa la mwaloni lisilozidi lita 600. Reposado, daraja la chini yake, hutosheka na miezi 2, na inayofika miaka 3 huitwa extra añejo, daraja lililoanzishwa mwaka 2006. El Tesoro hukaa miaka 2 hadi 3 kwenye mapipa yaliyowahi kuhifadhi bourbon, ile wiski ya Marekani.

Mimi ni mtu wa Tanga, kwa hiyo mmea wenyewe si mgeni kwangu. Agavi ya buluu ni ndugu wa mkonge, na mkonge nao asili yake ni Mexico. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, ndiye aliyeuleta kwetu mwaka 1893. Sisi tunataka majani tupate katani. Wao majani huyafyeka, wakachukua moyo wa mmea uliokaa miaka kadhaa shambani ukijikusanyia sukari. Kwenye kiwanda cha La Alteña, Arandas, nyanda za juu za Jalisco, mioyo hiyo hupikwa kwenye matanuri ya matofali, kisha hupondwa kwa tahona, gurudumu zito la jiwe. Viwanda vingi vimeshaiacha njia hii kwa sababu inachelewesha kazi.

Naimimina kwenye glasi nyembamba, bila barafu wala ndimu, naiacha ipumue kidogo. Rangi yake ni dhahabu hafifu, na wapo watakaoidharau kwa hilo. Wasiidharau! Sheria inaruhusu tekila iliyokaa pipani iongezwe karameli, gliserini, sharubati ya sukari na dondoo la mwaloni hadi asilimia 1, bila kutajwa kwenye lebo. Weusi wa kinywaji peke yake haukuambii kilikaa pipani miaka mingapi.

Harufu ya kwanza ni agavi iliyopikwa, kama kiazi kitamu kilichochomwa mpaka kikatoa asali. Vanila na mdalasini hufuata nyuma. Mdomoni huanza kwa utamu mwepesi, halafu pilipili manga inachomoza katikati ya ulimi, na mwisho unabaki ukavu wa mbao unaodumu kooni. Hapo ndipo iliponiteka moyo: pipa limeongeza ladha bila kuufunika mmea. Nimewahi kulipia extra añejo ya bei kubwa zaidi, nzito kwa vanila, ambayo ningefumbwa macho ningesema ni wiski tu.

Anayependa vinywaji vitamu ataiona kali, na sitamlazimisha. Mimi nainywa baada ya chakula cha usiku, pembeni kipande cha chungwa kilichonyunyiziwa mdalasini. Kwenye kokteli usiipeleke, ni hasara.

Ukienda dukani, soma lebo: iwe na maneno "100% de agave", maana bila hayo hadi asilimia 49 ya sukari iliyochachushwa inaweza kuwa imetoka kwenye miwa au kwingineko. Kisha tafuta NOM 1139, namba ya La Alteña. Tapatío nayo hutoka kiwanda hichohicho, na kwa mfuko mwembamba ningeanzia hapo.