Kilo moja ya mbegu za uyoga, mifuko minne

Nilinunua kilo moja ya mbegu za uyoga mamama, zile zilizooteshwa kwenye punje za mtama. Zilifika zimeshikana donge moja jeupe pee, na nilipofungua zilinukia uyoga mbichi. Hizo ni mbegu hai. Ukisikia uchachu au ukiona doa la kijani, usizitie popote.

Nilizigawa kwenye mifuko minne ya nailoni, kila mmoja kilo tano hivi za masalia ya mazao yaliyolowa: miwili ya mabua ya mpunga, mmoja wa magunzi ya mahindi yaliyopondwa, mmoja wa maranda na pumba. Vyote vilikaa saa moja na nusu kwenye maji ya nyuzi 70.

Karatasi ya maelekezo inasema uweke "maji ya kutosha", basi. Hapa muuzaji ameniudhi kweli, maana kipimo cha maji ndicho kila kitu. Mfuko wa kwanza niliujaza mabua yangali yanachuruzika. Baada ya siku kumi chini kulituama maji ya kahawia yanayonuka, utando mweupe wa uyoga unaokua ukakomea katikati. Wa pili niliujaza mwisho, mabua yamekwisha kuchuja. Nilikamua konzi moja kwa nguvu, likadondosha tone moja tu. Huo ni unyevu wa karibu asilimia 65, na siku ya 17 mfuko ulikuwa mweupe mpaka chini.

Maranda niliyatupa siku ya tisa. Pumba huongeza lishe, lakini ukungu wa kijani nao unaipenda, na maji ya moto peke yake hayaumalizi. Mchanganyiko ule unataka mvuke wa saa nyingi. Kosa si la mbegu. Magunzi yalijikongoja, siku 24, ila yalizaa vishada vilivyoshiba.

Nilipochana mifuko, vikachomoza vichwa vya kijivu mithili ya njiti za kiberiti. Uzao wa kwanza uliniogopesha: mashina marefu, kofia ndogo kama za misumari. Chumba kilikosa hewa. Nilifungua dirisha, nikatundika wavu wa kuzuia inzi, nikawa nanyunyiza maji sakafuni na ukutani asubuhi na jioni. Uyoga uliofuata ulitanuka kama masikio, na nikauchuma kabla kingo hazijajikunja juu.

Ule mfuko mzuri wa mabua umenipa gramu 620, kisha 340, kisha 150. Kwa mbegu zenyewe sina neno, ni safi na zina nguvu. Nimeagiza kilo nyingine kwa muuzaji yuleyule, na nimemwandikia abadilishe ile karatasi: aeleze namna ya kukamua konzi, na aonye kuhusu pumba. Safari hii natia mabua matupu mifuko yote minne.