Walipaka rangi juu ya anodi: uzoefu wangu na gereji moja ya boti huku Pwani

Anodi haipakwi rangi. Ni kile kipande cha metali kinachofungwa kwenye injini ya boti ili kiliwe na maji ya chumvi badala ya injini. Naliandika hili mwanzo kabisa kwa sababu watu wanaolipwa kulijua hawalijui, na mguu wa injini yangu, ile sehemu ya chini inayozama majini, umejaa vishimo kwa sababu yao.

Gereji siitaji jina. Inahudumia boti za matembezi na za uvuvi wa samaki wakubwa, na bei zao si za mchezo. Kazi niliyowapa ni ile ya kawaida kabla ya kusi kuanza: boti ya faiba ipandishwe, chini ikwanguliwe na kupakwa rangi ya kuzuia magugu na wadudu wa baharini, na injini ya nje ibadilishwe anodi zote. Anodi walizifunga kweli, zimo kwenye risiti. Kisha brashi ileile ya rangi yenye shaba wakaipitisha kwenye mguu wote wa injini, kuanzia bamba lililo juu ya rafadha (panga linalosukuma boti) hadi ncha ya chini, anodi zikiwemo.

Anodi ni kipande cha zinki au cha aloi ya alumini kinachowekwa pale ili kiliwe. Maji ya chumvi hupitisha umeme. Metali mbili tofauti zikiunganishwa ndani yake huwa betri, na ile iliyo dhaifu ndiyo inayolika. Mguu wa injini ni alumini. Rafadha na ekseli yake ni chuma cha pua. Ukiondoa anodi, anayebaki dhaifu ni mguu wenyewe. Na anodi haifanyi kazi mpaka uso wake uguse maji na mgongo wake uguse mguu, metali kwa metali. Ukiipaka rangi umeitenga na maji. Ukiifunga juu ya rangi umeitenga na mguu. Hawa walifanya yote mawili, maana ile ya kwenye mabano, yanayoishika injini kwenye boti, waliikaza juu ya rangi ya zamani bila hata kupitisha msasa.

Hayo yangerekebishika. Lisilosameheka ni shaba. Rangi nyingi za chini ya boti huua viumbe kwa oksidi ya shaba, na juu ya faiba au mbao haina neno. Juu ya alumini ni sumu. Mkwaruzo mmoja tu unaofika kwenye alumini tupu unatosha: shaba iliyo kando yake inaanza kuila, nayo inaliwa kwa kwenda ndani, si kwa kusambaa. Ndiyo maana unaona malengelenge madogo kwenye rangi, ukiyapasua unakuta unga mweupe, na chini ya unga kuna shimo. Hata rangi ya kwenye faiba inatakiwa iishie sentimita mbili tatu kabla ya kufika kwenye alumini yoyote. Wao hawakuacha hata upana wa kucha.

Kilichonishtua kwanza ni anodi zenyewe. Baada ya bamvua kadhaa majini, anodi inayofanya kazi huwa ya kijivu, imeparuzika, kingo zimeanza kulika. Zangu zilikuwa na kingo kali kama siku ya kufungwa, huku mguu ukiota unga mweupe kuzunguka boliti. Anodi inayobaki mpya wakati alumini inaliwa haifanyi kazi. Mtu asije akakuambia ni dalili ya ubora.

Nami niliambiwa hivyohivyo. Fundi mkuu alitazama, akaniambia, "Mzee, hiyo rangi ni ya bei kali, inakinga kila kitu. Zinki yako haijaliwa, unalalamika nini?" Nilipomweleza habari ya shaba na alumini akanikata, mbele ya vijana wake: "Kama unajua sana mbona hukupaka mwenyewe?" Akaondoka. Mtu wa kazi hii miaka yote hiyo!

Nilikuwa nimepanga kuwapa nyota tatu, kwa sababu kazi ya faiba ni nzuri mno. Chini imenyooka, mstari wa maji hauna kona, rangi imeshika. Lakini kila nikipitisha kidole kwenye vile vishimo zinashuka. Faiba haitobolewi na chumvi. Alumini ndiyo iliyohitaji akili.

Kwa aliyefanyiwa kama mimi, dawa ni hii. Rangi yote kwenye mguu itoke. Tumia kikwangulio cha plastiki na msasa, namba 120 kisha 220. Usiguse alumini kwa brashi ya waya ya chuma au ya shaba, maana chembe zake hubaki humo na kuanzisha ulaji upya. Chokonoa kila kishimo mpaka unga mweupe uishe, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha. Paka rangi ya msingi ya epoksi inayofaa alumini siku hiyohiyo, kabla haijafanya utando mpya, mikono miwili. Ukitaka ya kuzuia wadudu juu yake, iwe isiyo na shaba kabisa.

Anodi mpya ifungwe mwisho, baada ya rangi. Kwangua kiti chake mpaka alumini ing'ae, kaza, halafu pima kwa multimita, kile kipimo cha umeme, ukiiweka kwenye omu: gusisha ncha zake mbili kwanza uone waya zake zina ukinzani kiasi gani, kisha ncha moja kwenye anodi na nyingine kwenye alumini tupu ya mguu. Ukiondoa kile kiasi cha waya, isizidi omu moja. Pima pia kati ya mguu na mabano, kwa sababu grisi ya kwenye bawaba inaweza kuvitenga. Ndiyo kazi ya ule waya mfupi unaoviunganisha, na wangu niliukuta umefunikwa rangi na kichwa chake kimelegea. Ukiinamisha injini juu huku ncha ya mguu ikibaki majini na anodi iko hewani, ncha hiyo haina mlinzi: itoe yote au iache yote.

Kuhusu aina, aliye kwenye hori linaloingiwa na maji ya mto wakati wa masika achukue ya aloi ya alumini. Zinki kwenye maji mchanganyiko huota gamba gumu na kunyamaza. Ya magnesi ni ya ziwani, baharini haifai. Yoyote iliyolika nusu itolewe.

Na kusuuza ndani ya injini: dakika kumi hadi kumi na tano, mpaka ipate moto na themostati, kile kizibo cha maji kinachofunguka kwa joto, ifunguke, la sivyo chumvi inabaki kwenye bloku. Onja maji kwanza, visima vingi vya Pwani vina chumvi. Maji ya mvua kwenye tangi ni bora kuliko kisima cha gereji hiyo.

Nyota mbili basi? Hapana. Kuna kijana mmoja pale, yule wa msasa, aliyetaka kubandika utepe juu ya anodi kabla ya kupaka, akakemewa kwamba anachelewesha kazi. Anayejua yupo na ananyamazishwa. Nimewapa moja, na nisingewapa hata hiyo kama mfumo ungeruhusu sifuri.

Anayelazimika kuwapelekea boti kwa ajili ya faiba, na awapelekee, lakini aivue injini aiache nyumbani. Kama haivuliki, azungushe nailoni mguu mzima kabla ya kuwakabidhi, afunge kwa utepe juu ya bamba la rafadha, na aandike kwenye karatasi ya kazi, wasaini: hakuna rangi yoyote kwenye alumini.