Posho ya Texas na dola mia za New Hampshire, bora ipi?

Jimbo la Texas kule Marekani, mshahara wa mbunge wa bunge la jimbo ni dola 600 kwa mwezi, yaani 7,200 kwa mwaka, imeandikwa kwenye katiba yao tangu 1975 na haijasogea. Sasa usimuonee huruma haraka. Kikao cha kawaida ni siku 140 kila baada ya miaka miwili, na mwaka 2023 posho ilikua dola 221 kwa siku, piga hesabu mwenyewe, 30,940! Posho inazidi mshahara wa mwaka mzima mara nne na ushee, halafu hamna cha kuleta risiti ya hoteli wala ya chakula, ukilala kwa shemeji yako Austin, mji lilipo bunge, chenji ni yako. Na kodi? Sheria ya Marekani inamsamehe mbunge anayeishi zaidi ya maili 50 kutoka bungeni, kwahiyo hiyo hela inaingia nzima nzima.

Jimbo la New Hampshire wao wamekaza. Mshahara ni dola 200 kwa kipindi cha miaka miwili, yaani mia kwa mwaka, tangu 1889, posho ya siku kwenye kikao cha kawaida hakuna, unarudishiwa tu hela ya mafuta ya gari. Na wabunge wako 400 bunge la chini peke yake.

Mi naona Texas wanajidanganya, ule ni mshahara umevaa kanzu ya posho, ila New Hampshire nao nani ataacha kazi kwa hela ile kama sio mstaafu au tajiri?