Kingston KVR16N11/8: RAM ya GB 8 kwa kompyuta ya mezani ya zamani

Kompyuta ya mezani ya mwaka 2012 hadi 2014, yenye prosesa ya Intel Core ya kizazi cha tatu au cha nne, ikiwa bado inahangaika na RAM ya GB 4, dawa yake ni vipande viwili vya Kingston KVR16N11/8. RAM hii ya aina ya DDR3 haina urembo wowote: ubao mwembamba, chipu 16, nane kila upande, na stika moja. Haina taa wala bati la kupozea, na kwa kompyuta ya ofisini hilo ni jambo jema. BIOS (programu ya msingi inayowasha kompyuta) za Dell, HP na Lenovo za daraja hilo kwa kawaida hazikuruhusu kugusa mipangilio ya RAM. RAM za wacheza gemu, zile za mabati marefu, nyingi hupata kasi yao kupitia wasifu wa XMP, yaani mipangilio ya kasi iliyohifadhiwa ndani ya RAM ambayo BIOS huiwasha. Ukizichomeka kwenye mashine isiyo na XMP zinashuka hadi kasi ya kawaida, na mabati yake mara nyingine yanagongana na feni ya prosesa. KVR haitegemei XMP: inawaka moja kwa moja kwa kasi ya 1600, CL11 (CL ni muda RAM inaosubiri kabla ya kujibu, namba ndogo ni bora), volti 1.5.

Namba yake isome kwa makini kabla ya kununua. 16 ni kasi ya 1600, N ni RAM ya kawaida isiyo ya seva, 11 ni CL, na 8 ni ukubwa kwa GB. Ipo ndugu yake, KVR16LN11/8, ambayo L yake inaonyesha kwamba inafanya kazi kwa volti 1.35 na pia 1.5. Ukipata nafasi ya kuchagua, chukua yenye L. Inakubaliwa na kompyuta zote zinazoikubali ile nyingine, na tena inafaa kwenye madabodi (bao kuu za kompyuta) za kizazi cha sita zinazotumia DDR3L, yaani DDR3 ya volti 1.35, ambako RAM ya volti 1.5 haitakiwi kabisa.

Sasa kompyuta ambazo haziifai. Chipu za kipande hiki zina gigabiti 4 kila moja. Madabodi za Core 2 zenye chipseti ya G41, na nyingi za Core ya kizazi cha kwanza, mwisho wao ni chipu za gigabiti 2. Ukiweka hii humo, utasikia milio tu au utabaki na skrini nyeusi, na RAM yenyewe ni nzima kabisa. Mashine hizo zinataka vipande vya GB 4 vyenye chipu 16, stika yake ikiwa na maandishi 2Rx8 (safu mbili za chipu zenye upana wa biti 8). Kizazi cha pili, kwa mfano Core i5-2400, kinaipokea vizuri lakini kitaiendesha kwa 1333, maana huo ndio mwisho wa prosesa yenyewe. Zile kompyuta ndogo sana, kama ThinkCentre M93p Tiny, hutumia RAM fupi ya laptopu yenye pini 204. Hii ya pini 240 haiingii.

Ili kujua uwezo wa mashine yako hakuna haja ya kuifungua. Kwenye Windows 10 fungua Command Prompt, andika wmic memphysical get maxcapacity,memorydevices kisha bonyeza Enter. Jibu huja kwa kilobaiti: 33554432 ni GB 32, 16777216 ni GB 16, na namba ya pili ni idadi ya sloti, yaani nafasi za kuchomekea RAM. Kwenye Linux, sudo dmidecode -t memory inakupa hayo pamoja na aina ya kila kipande kilichomo. BIOS za zamani mara nyingine hutoa jibu lisilo sahihi, kwa hiyo linganisha na mwongozo wa madabodi.

Sokoni kuna mitego miwili. Wa kwanza ni RAM ya seva: stika yake inaishia na R, kama PC3-12800R, na mara nyingi kila upande una chipu tisa au zaidi badala ya nane. Bei yake huvutia, lakini kompyuta ya kawaida haiwaki nayo. Wa pili ni zile zinazouzwa kwa maelezo kwamba ni za AMD tu. Zimetengenezwa kwa chipu zenye upana wa biti 4 badala ya 8, na kidhibiti cha RAM cha Intel hakizielewi. Unachotaka ni PC3-12800U au PC3L-12800U, 2Rx8 (12800 ni jina lingine la kasi ya 1600).

Kufunga hakuchukui muda, ila hapa ndipo wengi wanakosea. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili chaji iliyobaki imalizike. Gusa chuma cha kasha kisichopakwa rangi kuondoa umeme tuli mwilini. Puliza vumbi kwenye sloti kabla ya kutoa RAM ya zamani, maana ukishaitoa vumbi linaangukia ndani. Fungua vibano vya pande zote mbili, linganisha pengo la RAM na kizingiti cha sloti. Pengo haliko katikati kabisa, na kwenye DDR2 liko mahali pengine ingawa nayo ina pini 240. Kama halikai, usilazimishe. Sukuma kwa vidole gumba viwili, kimoja kila ncha, kwa nguvu sawa, hadi vibano vijifunge vyenyewe kwa mlio. Nguvu inayotakiwa ni kubwa kuliko unavyodhani. Kipande kilichoingia upande mmoja unaweza kukiona: mstari wa meno ya dhahabu upande huo bado unaonekana juu ya sloti.

Weka vipande viwili kwenye jozi ya chaneli mbili, yaani sloti mbili zinazopitisha data kwa pamoja. Madabodi nyingi huonyesha jozi kwa rangi, na kompyuta za ofisini mara nyingi huwa na mchoro nyuma ya mfuniko. Jozi ina uzito hasa ukiwa huna kadi ya grafiki, kwa sababu grafiki ya ndani ya Intel inakula RAM hiyohiyo: chaneli moja inapitisha GB 12.8 kwa sekunde, mbili zinafika 25.6. Ndiyo maana GB 4 mbili ni bora kuliko GB 8 moja kwenye mashine ya aina hiyo.

Ukiwasha, usiogope skrini ikichelewa au kompyuta ikijizima na kujiwasha yenyewe. BIOS inaipima RAM mpya. Dell nyingi hutoa ujumbe kwamba kiasi cha RAM kimebadilika, na unaendelea kwa F1. Skrini ikibaki nyeusi, toa vyote, safisha meno kwa kifutio laini cha penseli, futa mabaki yote, kisha jaribu kipande kimoja kimoja kwenye sloti ya kwanza. Hapo utajua tatizo ni kipande au ni sloti.

Ndani ya Windows, programu ya CPU-Z itaonyesha kasi ya karibu 800 MHz. Hujatapeliwa: DDR hupeleka data mara mbili kwa kila mpigo, kwa hiyo hiyo ndiyo 1600. Kichupo chake cha SPD kinaonyesha namba ya kipande, na ni kipimo cha haraka cha kulinganisha na stika. Ikiwa una GB 16 na zinazotumika ni kama 3.5, Windows yako ni ya biti 32. Kama ni ya biti 64 na bado kiasi kikubwa kimezuiwa, fungua msconfig, ingia Boot, Advanced options, uone kama kuna tiki kwenye Maximum memory. Iondoe.

Kasoro zake zipo. Chipu za ndani hutoka kwa watengenezaji tofauti, kwa hiyo vipande viwili vyenye namba ileile vinaweza visifanane. Afadhali ununue vyote pamoja. CL11 si ya kuwavutia wapenda kasi. Na RAM haitaharakisha kuwaka kwa mashine yenye diski ya kuzunguka: kama Task Manager inaonyesha diski iko asilimia 100 huku RAM ikiwa na nafasi, anza na SSD, yaani diski isiyozunguka. Ukiwa na SSD ndogo, kumbuka pia kwamba faili la hiberfil.sys la Windows 10 hukua pamoja na RAM, takriban asilimia 40 yake. Kwa GB 16 hiyo ni zaidi ya GB 6. Amri ya powercfg /h off inalifuta kama hutumii hibernate, yaani kuzima huku kazi zako zikihifadhiwa kwenye diski.

Kingston inaipa dhamana ya maisha, basi tunza risiti. Kabla ya kurudisha mfuniko, iache Memtest86+, programu ya kupima RAM, imalize angalau mzunguko mmoja kutoka kwenye flashi. Kosa hata moja jekundu linatosha kukirudisha kipande hicho.