Salfeti ya amonia kwa airisi: tathmini ya misimu miwili ya mvua, Entebbe

Airisi za Louisiana, maua ambayo asili yake ni vinamasi vya kusini mwa Marekani, hustawi katika udongo wenye unyevu na asidi kidogo, yaani pH ya 5.5 hadi 6.5. Kwa kuwa mvua za hapa ziwani huosha madini ya chokaa udongoni, nilidhani tuta langu halihitaji kurekebishwa. Nilikosea, kwani liko chini ya ukuta wa lipu ya saruji, na kwa miaka mingi pale ndipo palipomwagwa majivu ya jiko; saruji na majivu hupunguza asidi ya udongo, yaani hupandisha pH. Majani machanga yalitoka ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, na maabara ya Kawanda ilipopima udongo ikakuta pH ya 7.4.

Mbolea niliyoichagua ni salfeti ya amonia, yenye nitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24. Bakteria wa udongoni wanapoigeuza amonia kuwa naitreti, asidi huzalishwa, na hiyo ndiyo kazi niliyoitaka. NPK 17-17-17, mbolea yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa, hulisha vizuri, lakini hushusha pH polepole mno kwa tuta kama langu. CAN, yaani mbolea ya kalsiamu amonia naitreti, haifai kabisa mahali hapa, kwa sababu huchanganywa na chokaa.

Mfuko wa kwanza niliuziwa katika duka moja la pembejeo ukiwa umefungwa upya bila lebo, nami nikauamini. Nyumbani niliona punje za mviringo za rangi ya kijivu, ilhali salfeti ya amonia huwa na chembe nyeupe kama sukari. Nilizidondoshea siki, zikatoa povu: ilikuwa CAN. Tafadhali, nunueni mfuko uliofungwa kiwandani, hata kama ni mkubwa kuliko mahitaji yenu.

Mfuko halisi nilipoupata, nilitia gramu 30 kwa kila mita ya mraba mwezi Machi na tena Septemba, mbali na shina linalotambaa juu ya udongo, kisha nikamwagilia maji mengi. Kufikia Novemba majani mapya yalikuwa kijani hadi nchani, na mashina manne yalitoa maua ya zambarau. Naipendekeza kwa moyo wote, ila si kwa miche iliyopandwa karibuni, ambayo mizizi yake huungua. Kasoro yake ni kwamba haina fosforasi wala potasiamu, hivyo mimi hutandaza makapi ya kahawa, yenye potasiamu nyingi, na kuongeza samadi iliyooza vizuri baada ya maua kuisha.